Unga wa Kuku

Adu, 3 Oktoba 1984

Mwanangu Dorcas,

Salamu zikufike huko Kilifi kwenye kazi yako ya unesi. Mimi mzima, magego yangu bado yavunja muhogo mkavu. Naandika kwa mkono wangu, gumbaru, darasa letu la wazee, sikuenda kulala.

Mvua hakuna. Kwa chifu tumegawiwa unga wa msaada, wa manjano, ati umetiwa vitamini kiwandani. Mimi Lewa wa Kenga, niliyelisha boma tatu mwaka wa njaa, nile unga wa dawa? Wataka tusizae hao. Nimewapa kuku. Wakiacha kutaga, nampelekea chifu ushahidi.

Mwanao Kanze hajambo, ila amekuwa mvivu. Jua likizama hatoki. Nikimtuma kuni ajikwaa kwenye chungu. Nitamnyoosha.

Babako, Lewa

Kilifi, 12 Oktoba 1984

Baba, shikamoo.

Nashukuru kwamba u mzima. Mimi sijalala tangu nisome barua yako. Kanze si mvivu, haoni! Wodini ninao watoto watatu namna hiyo. Huanza na jioni, kisha jicho hukauka, mwisho ni upofu. Dawa yake ndiyo hiyo vitamini iliyo kwenye unga. Msongee sima, Baba. Na usimpige.

Binti yako, Dorcas

Adu, 21 Oktoba 1984

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, maneno yako nimeyaacha posta. Nilikufundisha kushika jembe, leo wanifundisha kushika mwiko? Mchana Kanze aona hata sisimizi. Kipofu gani huyo wa zamu?

Kuku nao waniudhi. Wote kumi na mmoja wataga. Hata yule mkongwe aliyegoma tangu mwaka jana! Lakini mwezi haujesha. Mayai nala mwenyewe. Mtoto akila mayai huwa mwizi, wajua.

Babako, Lewa

Kilifi, 29 Oktoba 1984

Baba, shikamoo.

Leo salamu ni hiyo tu. Kuku wala vitamini, wewe wala mayai, mwanangu ala muhogo. Ijumaa naja kumchukua.

Dorcas

Adu, 19 Novemba 1984

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nyonga zaniuma, lakini sijalala kitandani mchana, sijazoea.

Ulikuja, ukamchukua mtoto, hata maji hukunywa. Majirani waniuliza, nawaambia amekwenda kutembea.

Juzi nilikwenda kwa chifu kutaka unga tena. Karani akacheka: “Mzee, si ulisema ni wa kuku?” Nikamwambia ni wa kuku. Nimeusonga sima. Hauna ubaya, ila mimi ningeusaga vizuri zaidi.

Utingo wa basi atakupa kikapu. Mayai thelathini, nimeyafukia kwenye makapi. Mpe Kanze. Akiwa mwizi nitamfunga mwenyewe.

Niambie, jioni atoka?

Babako, Lewa

Adu, 8 Desemba 1984

Dorcas,

Kikapu cha pili hiki. Swali langu hukulijibu.

Babako

Kilifi, 15 Desemba 1984

Baba, shikamoo.

Vikapu vyote vimefika, mayai manne yamevunjika. Hospitali walimpa vidonge vya vitamini, na mayai yako ala kila siku. Jana magharibi alimfukuza jogoo wa jirani mpaka akamkamata.

Jicho la kushoto limebaki na doa. Daktari asema halitatoka, tulichelewa.

Kanze auliza kama yule kuku mkongwe bado ataga. Mjibu yeye. Mimi bado sijawa tayari.

Dorcas