Mguno Usiofika Chumbani

Challapata, 9 Februari

Mdogo wangu Wálter,

Habari za Valencia na hiyo baridi yenu? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua na kwenda kwa daktari hataki kusikia. Anauliza kama unakula.

Viza nimenyimwa tena. Yule mwanamke wa dirishani ubalozini hakuifungua hata barua ya mwaliko. Kaniuliza tu kama nina nyumba na mume. Na hata ningeipata, ada ya mkutano wa programu yetu na hoteli yao ni mshahara wangu wa miezi mitano. Wanasema mkutano ni wa wote. Wote gani?

Unajua kinachoamuliwa. Wanataka kuiondoa ile njia ya kutuma polepole kwenye programu yetu ya kompyuta. Zahanati za huku juu hutuma majibu ya vipimo kwa redio, na redio haina kasi. Bila njia hiyo zitabaki bubu. Nimeitunza miaka sita bila malipo. Wewe utakuwa kwenye chumba cha mkutano. Nitetee.

Dada yako,
Nieves

Valencia, 17 Februari

Shikamoo dada,

Mimi mzima, na mwambie Mama nakula: nimepata chuño, vile viazi vyetu vya kukaushwa, kwenye duka la Waperu.

Pole sana kwa viza. Lakini usijitie presha, unaweza kuhudhuria kwa video, bure kabisa. Siku hizi mambo yamebadilika. Mimi kampuni inanilipia kila kitu, ila nielewe: bosi wangu ndiye aliyeleta hoja ya kuiondoa, na tutakaa pamoja. Nitafanya nitakaloweza.

Mdogo wako,
Wálter

Challapata, 24 Machi

Wálter,

Leo sikuulizi habari.

Mwenyekiti alisema hapa hatupigi kura wala hatuinui mikono. Wanaotaka njia ibaki wagune, midomo imefumbwa. Kisha wagune wanaotaka iondolewe. Desturi ya waanzilishi, eti. Basi nikaguna hapa jikoni kwa nguvu zangu zote, mpaka Mama akaja mbio na chai ya koka. "We Nieves, tumbo?" Kumbe sisi wa video walikuwa wametuzima sauti ili kupunguza kelele. Kelele ndiyo mimi!

Upande wangu nikasikia kimya. Kimya kabisa, Wálter. Upande wa pili chumba kizima kikavuma kama mzinga wa nyuki. Mwenyekiti akasema, "Chumba kimesema," wakaenda kunywa kahawa.

Na wewe ulikuwamo. Ndugu yangu wa tumbo moja, umelipiwa kitanda na kifungua kinywa, hata kuguna kumekushinda? Nimekuchukia wiki nzima. Ukikosa jibu la maana, usiniandikie.

Nieves

Valencia, 30 Mei

Shikamoo dada,

Natumaini Mama hajambo. Nimekawia kwa sababu nilikuwa natafuta kazi, na sikutaka kukuandikia nikiwa na malalamiko tu.

Niliguna. Tulikuwa mstari wa nyuma, na vipaza sauti viko mbele, wanakoketi wakubwa. Wewe hukunisikia, mwenyekiti hakunisikia. Bosi wangu alikuwa kiti cha pembeni yangu. Yeye alinisikia vizuri sana.

Mdogo wako,
Wálter

Challapata, 6 Juni

Wálter, mdogo wangu,

Umeamkaje huko? Kazi je, umepata?

Barua yako nilimsomea Mama. Akanifokea mbele ya jirani: "Ndiye huyo uliyemnunia miezi miwili?" Nimeona aibu, nimelia, na bado nina hasira, ila sasa si kwako. Nisamehe.

Wale sitawabembeleza tena. Programu ni huru, yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitunza kivyake. Nimechukua toleo la zamani, lenye njia yetu, na wenzetu wa Puno na Jujuy wamejiunga. Kazi ni nyingi na tu wachache, sijui tutafika wapi. Lakini zahanati bado zinatuma.

Mkutano wetu wa kwanza ni Agosti, hapa hapa Challapata, na Mama ndiye mpishi. Najua nauli ya kutoka huko haishikiki, nawe huenda bado huna kazi. Usikope. Andika tu unachofikiri. Barua za walio mbali tutazisoma kwanza, kabla yeyote aliyemo chumbani hajafungua mdomo.

Dada yako,
Nieves