Pezi la Gari la Baba

Machi 3

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti yametulia. Huku hatujambo, mkwe wako anakusalimu sana.

Nimekupigia wiki nzima. Kila nikipiga, yule bibi wa kwenye simu ananiambia, "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Nimeshamzoea kuliko ndugu zangu. Mama, ukianguka bafuni nitajuaje? Ndiyo maana naandika, na barua nampa dereva wa lori la saruji anayepita huko.

Nimeamua hivi: mwezi wa sita ukiingia na wewe bado hupatikani, nakuja kukuhamisha. Nyumba tutaipangisha. Hapa kuna chumba chako, kina dirisha, na mkwe wako ameshakitandika.

Mwanao

Machi 12

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma asubuhi, ikifika mchana yanasahau. Mkwe mpe salamu zangu, umwambie kalamu haing'ati; hajaniandikia hata mstari mmoja.

Sihami. Cherehani yangu iko hapa, wateja wangu wako hapa, na baba yako amezikwa hapa. Huko kwenye dirisha lako nitamshonea nani? Simu isiposhika, kosa si langu. Kilima ndicho kilichokaa mbele ya mnara. Kihamishe hicho.

Mama yako

Machi 25

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Mkwe wako amecheka sana kuhusu kalamu.

Kilima sikiwezi. Lakini hapa gereji ninapotunza stoo kuna fundi umeme, na nilipomlalamikia na kutaja gari la marehemu baba lililobaki hapo nyumbani, akauliza ni la aina gani. Nikamweleza. Akasema lile pezi dogo juu ya paa si pambo, ni antena, na inashika hata mawimbi ya simu. Chukua ile simu ya zamani ya baba, tia laini yako, uiunganishe na pezi. Tukionana kwenye video kabla ya mwezi wa sita, habari ya kuhama sitaitaja tena.

Mwanao

Aprili 9

Mwanangu,

Marahaba, na mkwe hajambo?

Uliandika "uiunganishe na pezi." Nimepanda kwenye stuli na magoti yangu haya, nikaifunga simu kwenye pezi kwa lastiki ya sketi, nikaikaza kwa mshono wa kurudia. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaniuliza kama gari limelazwa. Mawimbi hayakuja. Mvua ndiyo ilikuja. Simu imepona, ila heshima yangu mtaani bado inaumwa.

Mwandishi mbaya ni wewe, lakini anayechekwa na fundi viatu ni mimi.

Mama yako

Aprili 20

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Nimecheka, kisha nimeona aibu.

Simu haikai nje. Waya wa pezi unashuka ndani ya paa hadi kwenye kile kisanduku chenye kifuniko, kati ya viti viwili vya mbele. Humo ndimo simu inamolala. Zungusha ufunguo mara moja, taa ziwake, injini iache. Simu ya baba iwashie kugawa intaneti, uilaze kisandukuni, kisha nipigie kwa simu yako. Ukikuta kitu humo, kitoe, simu inataka nafasi yote.

Tafadhali, Mama. Siku zinakwenda.

Mwanao

Mei 28

Mwanangu,

Juzi tumeonana uso kwa uso kwenye video na salamu tumemaliza, lakini barua ina adabu zake. Hujambo?

Nilichelewa kwa sababu ya kile kisanduku. Tangu mazishi sikukifungua, maana nilijua miwani ya baba yako imo. Nilikukasirikia kwa kunilazimisha. Mwishowe nikaitoa, simu ikaingia mahali pake, na miwani sikuona pa kuiweka ila puani. Kumbe macho yetu yalikuwa yamezeeka pamoja. Kwa hiyo ulipotokea nilikuona wazi, na nyuma yako nikapaona pia.

Niliona godoro sakafuni. Sanduku limefungwa kamba, kama la mtu aliyefika jana. Mlangoni mashati yako tu, gauni hata moja hakuna. Dirisha nililitafuta, sikuliona. Ulipoigeuza simu ukaielekeza ukutani, nikajua. Sikusema kitu, kwa kuwa fundi viatu na nusu ya mtaa walikuwa wameliegemea gari wanataka kukusalimu. Maneno mengine ni ya karatasi.

Usiniletee tena salamu za mkwe. Sikulaumu, na yeye simlaumu kabla sijamsikia. Lakini nimeumia, mwanangu. Umelala peke yako chini huku ukinitafutia mimi chumba. Yule bibi wa kwenye simu alikosea mtu. Asiyepatikana ulikuwa wewe.

Mwezi wa sita unaingia Jumapili. Ulisema ungekuja, basi njoo, ila usije na lori la kuhamisha vitu. Njoo na sanduku lako, kamba tutaifungulia hapa. Betri ya gari ni nzima, fundi viatu ameshafuta vumbi bila kuombwa. Mimi nakaa kiti cha abiria, kama siku zote. Cha dereva hakina mtu.

Mama yako