Mume Wangu Alizitaja Saa Sita

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nina siri na imenizidi uzito. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa injini melini, au niseme alikuwa, maana mwezi uliopita meli yao ya mafuta ilipanda mwamba, tangi likapasuka, nahodha akawaambia, "Hakuna kupiga simu mpaka ofisi iamue," wakakaa kimya saa sita huku mafuta yakija ufukweni kwetu, sasa kaa wanafia matopeni na mizizi ya mikoko imegandwa na mafuta meusi, na mbele ya tume ya uchunguzi ni mume wangu peke yake aliyesimama akazitaja hizo saa sita, akamwaga unga siku hiyohiyo. Mshauri, nilimwonea fahari hadi machozi, lakini shemeji zangu wameleta karatasi ya ofisi ya meli asaini kwamba alikosea saa, ili arudishwe kazini, tume inakaa tena Jumatatu, na mimi kila asubuhi nafuta mawe kwa mabaki ya vitambaa pamoja na wanawake wenzangu, juzi muuza samaki mmoja akasema, "Nikimpata baharia wa ile meli, nitamnywesha haya mafuta kwa kijiko!" wakacheka, nami nikacheka, hawajui naishi na mmoja wa mabaharia hao. Mume hatoki nje. Nimwambie asaini tupate amani, au nifanyeje?

Mke wa baharia

Pole, mama. Sasa nikukemee kidogo. Ulicheka? Mumeo kasema kweli mbele ya wakubwa, wewe unamficha kama sufuria iliyoungua! Fahari ya kunong'ona haimsaidii mtu.

Karatasi hiyo asiiguse. Akisaini, kesho nahodha mwingine atanyamaza, na ufuo mwingine utakufa. Shemeji zako wana hofu, si ubaya; waambie kwa heshima, "Ndugu yenu hakukosea saa, alizihesabu." Fundi mzuri hapati kazi baharini tu, hata nchi kavu zipo injini.

Kesho shuka naye ufukweni, na mvae glavu, mafuta hayo yanaunguza ngozi. Sema wewe mwenyewe, tena kwa sauti: "Huyu ndiye aliyezitaja zile saa sita." Muuza samaki atafoka, mwache afoke, kapoteza riziki yake. Akimaliza, mwombe jambo moja: aje Jumatatu kwenye tume, na wenzake wote.

Mara ya kwanza mumeo alisimama peke yake. Safari hii akigeuka, aone benchi zima la wanawake wenye kucha nyeusi, na wewe katikati yao.