Sauti Yangu Inaniita

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeondolewa kwenye maiki. Kiungwana tu — fundi wetu wa kurekodi, tunayemwita Masikio, hana makuu. Kasema, dada, tupumzike kidogo, leo unakwaruza. Leo! Nakwaruza tangu mwaka jana! Tangazo la sabuni kapewa binti mpya. Mimi nikabaki pembeni na sweta langu zito, wenzangu wote wanajipepea kwa makaratasi.

Uso umevimba. Pete haivuki kifundo. Nyusi zimenyonyoka kwa nje, kila asubuhi nazimalizia kwa wanja. Naogopa. Kazi yangu ni sauti, sina nyingine.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa daktari wa kituo cha afya tena. Yuleyule, wimbo uleule. Eti damu iko sawa, vidonge vya tezi ya shingo vinafanya kazi, hayo mengine ni umri na mawazo. Umri! Ananizidi yeye! Nikaomba rufaa niende kwa bingwa wa homoni. Akatabasamu — bingwa atakwambia nini cha zaidi, mama? Lala mapema. Nalala kama pono, daktari, ndicho kilichonileta!

Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Mama. Nikamwamkia. Akasema, kwa ile heshima anayowawekea wageni, samahani, naomba uniitie mwanangu.

Mama, ni mimi.

Hapana, akasema. Mwanangu namjua. Umeipata wapi simu yake?

Nikacheka ili acheke. Kicheko ndicho kilichomtisha zaidi, akakata. Baadaye akampigia mume wangu, Baba Mapacha, kumuuliza kama niko salama na ni mwanamke gani yumo ndani ya nyumba yangu. Baba Mapacha kaapa kwamba ni mimi. Lakini niliona alivyonitazama kabla ya kuapa.

Nimelia chooni, bomba nimefungulia.

Jumatano, 12 Machi
Masikio kafukua rekodi yangu ya zamani. Ile kazi ya maneno ya foleni — nilikwishaisahau! Nilisoma neno mojamoja: namba, mia, na, saba, chumba, tafadhali. Kila neno peke yake, na kituo kati yake. Mashine ndiyo inayoyaunga. Waliyanunua watu wa mashine, wameyapeleka wapi hatujui.

Akabonyeza. Mwili ulinisisimka! Sauti nyororo, changamfu, ya mtu aliyelala akaamka. Masikio akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Anavaa ndala!

Nikamwambia zima. Kumbe naionea wivu. Nauonea wivu mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Nimegoma kutoka chumbani kwa daktari wa kituo. Nimekaa tu, mkoba mapajani. Akaita mgonjwa mwingine, mgonjwa akaingia, akanikuta, akatoka. Daktari akasema mama, unanitia aibu. Nikasema mama yangu hanijui kwenye simu, wewe unaongea habari za aibu!

Kaandika rufaa kama mtu anayeng'olewa jino. Nimeipata!

Jumanne, 25 Machi
Hospitali kubwa. Naandikia kwenye benchi la maabara, vidole baridi, mwandiko huu sijui nani atausoma.

Asubuhi nilikaa kwenye foleni ya bingwa. Spika ya darini ikakohoa, kisha: namba… mia… na… saba… chumba… tatu… tafadhali.

Mimi! Ni mimi kule juu! Naita wagonjwa kwa sentensi ambazo sijawahi kuzisema maishani. Mama mmoja jirani yangu kasema, huyu dada ana sauti tamu, kutwa nzima hachoki. Nikamwambia, ni mimi huyo. Akanitazama juu hadi chini. Akahamishia mkoba wake upande wa pili.

Ikafika zamu yangu. Ikaniita. Nilishindwa kuinuka. Ilinijia fikra ya kijinga — kwamba nikiinuka mimi, atainuka na yeye.

Bingwa ni mwanamke, miwani kaisukumia kwenye nywele. Swali la kwanza: vidonge unameza na nini? Na chai ya maziwa, daktari, na vile vya kuongeza damu hapohapo. Kalamu ikasimama. Hukuambiwa kwamba hivyo vinazuia dawa isiingie vizuri mwilini? Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza! Nikataka kupiga kelele, koo likatoa mkwaruzo.

Hiyo sauti, akauliza, ndiyo yako siku zote?

Nikanyoosha kidole mlangoni. Ile pale ndiyo yangu.

Nilijua ataniandikia daktari wa vichaa. Hakucheka. Akainuka, akafungua mlango, tukasimama wawili pale kizingitini kungoja. Ikaita: namba… mia… na… kumi.

Sema wewe, akaniambia.

Nikasema. Namba. Mia. Na. Kumi. Benchi zima likageuka. Bingwa kanishika shingo kwa vidole viwili, akasema rudia, polepole. Mkono wake ulikuwa na joto sana. Au mimi ndiye niliyekuwa baridi.

Kaandika nipimwe damu upya, na picha ya shingo. Nikamuuliza, itarudi? Kasema tutafute kwanza imeenda wapi. Sijui kama ulikuwa utani.

Sasa nangoja. Kila ikisema tafadhali, naitamka nayo chinichini. Hatulingani. Yule mama wa mkoba yuko huku pia, na safari hii kaja kukaa ubavuni pangu. Haulizi kitu. Anaangalia spika, ananiangalia mimi, anaangalia spika.

Imeita namba yangu.

Inaita tena. Mpole kweli, ana subira — mimi sikuwahi kuwa na subira hiyo.

Nakuja, dada. Usinyamaze, nakuja.