Mkoba wa Kilo Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata gozi, kitambaa cha vidonda, vipande kumi na viwili, nikavikunja, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki. Mkasi mdogo nimeukuta jikoni, Skola binti yangu anakatia mchicha. Nimeuchemsha.

Kikundi cha wafugaji nyuki kimeniomba nikitengenezee mkoba wa huduma ya kwanza, na niubebe mwenyewe. Zaidi ya siku mbili kwa miguu, kutoka Inyonga, gari linapotuacha, hadi kambi ya Mkurungu. Mwaka jana mmoja wao alijikata na panga huko porini, wakamfunga kwa shati. Kidonda kikaoza. Wamekumbuka kwamba nilikuwa muuguzi.

Nataka kwenda. Sijamwambia mtu sababu. Mkurungu ndiko marehemu mume wangu alikotundika mizinga yake, nami sijawahi kufika. Magoti yangu yamebakiza safari moja, labda.

Jumatano, 5 Juni
Naongeza. Mbao mbili za mninga alizonichongea fundi, za kufungia mfupa uliovunjika. Spiriti, chupa ya kioo. Blanketi. Sabuni mche mzima. Chumvi. Sufuria ndogo. Nguo za kubadili. Bahasha ya karatasi zangu za uraia.

Skola ameliangalia begi, akalinyanyua kidogo, akalitua.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Maganga, kiongozi wa kikundi, anapima kila mzigo kwa mzani wa asali uliotundikwa ghalani. Mkoba wa dawa usizidi kilo mbili. Wangu umevuta tisa.

"Bibi Nesi, sisi tunaenda kurina asali. Wewe unahama?"

Wote wakacheka. Tito, baba wa watoto wanne, hana hata haya, akaongeza: "Mwacheni, kasahau kitanda tu."

Nilicheka pia, kwa mdomo. Moyoni nilikasirika sana. Maganga amenipa hadi Jumapili. Nikishindwa nibaki, wao wabebe dawa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwaga kila kitu kwenye mkeka. Hasira imeisha.

Maganga hakukosea. Tangu tulipokimbia Burundi, nikiwa mtoto, sijatoka nyumbani bila kufungasha kama mtu asiyerudi. Hata nikienda kulala siku moja Mpanda mjini, nabeba chumvi. Wa rika langu waliokuja nami wote wako hivyo. Sufuria, chumvi, karatasi. Nilikuwa nimefunga mkoba wa kukimbia, nikauita wa dawa.

Kila kitu nimekiuliza: pori halina hiki? Mbao, pori linazo. Blanketi, kila mtu ana lake. Spiriti nimeihamishia kwenye kichupa cha plastiki. Vimebaki gozi, bandeji mbili za kuvutika, kitambaa cha pembetatu, glavu, plasta, pini, kibano, mkasi, parasetamo, vidonge vya wanaovimba wakiumwa na nyuki, pakiti nne za dawa ya kuharisha.

Karatasi nimempa Skola. Vidole vyangu havikutaka kuachia. Amezipokea kwa mikono miwili, bila mzaha. Mungu ambariki.

Jumapili, 9 Juni
Kilo moja na robo tatu. Maganga amepima mara mbili. "Haya, twende." Basi. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 11 Juni
Siku ya pili ya mwendo. Magoti yanauma, yanakwenda. Majani ya miombo yameanza kuwa mekundu. Tito anatembea nyuma yangu, anasema ni ili nikianguka anirithi parasetamo. Najua ananilinda. Nashukuru kila kilima kinachokwisha.

Jumatano, 12 Juni
Saa nne asubuhi, umebaki mwendo wa saa moja kufika Mkurungu, Tito alipanda kushusha mzinga wa njiani uliohamwa na nyuki. Tawi likakatika. Akaanguka na mzinga.

Mkono wa kushoto, juu ya kifundo. Umepinda. Nilimvua pete ya ndoa kabla mkono haujavimba. Vidole baridi, vyeupe.

Mzinga ulikuwa wa gome, umepasuka kwa urefu. Nikaliangalia lile gome: limejikunja kama lilipimwa kwa mkono wa mtu. Likafutwa nta, nikatandika gozi ndani, nikamlazia mkono, nikafunga bandeji, nikautundika kwa pembetatu. Mbao zangu za mninga zingekuwa ngumu na zimenyooka mno. Rangi ikarudi vidoleni.

Kisha swali. Bandeji ikikaza juu ya uvimbe, mkono unakufa. Lazima mtu aikague kila nusu saa hadi hospitali, na anayejua nini cha kuangalia ni mimi. Maganga akasema taratibu, "Bibi, Mkurungu ni pale."

Nilitazama upande huo. Nikasema narudi. Niliona uchungu, nauandika kama ulivyo. Maganga amerudi nasi, wengine wameendelea.

Nimelegeza bandeji mara mbili hadi sasa.

Ijumaa, 14 Juni
Jana jioni tulifika njia ya pikipiki. Hospitali wamemwekea plasta ngumu. Mkono umenusurika. Daktari aliuliza nani kafunga.

"Bibi yetu," Tito akajibu. "Kanifunga nyumba ya nyuki, halafu kanichezesha vidole pori zima kama mpiga kinanda."

Nililia kidogo, nje. Machozi mazuri.

Jumapili, 16 Juni
Nyumbani, Litapunga. Kabla ya misa mama yake Tito alinifuata mlangoni mwa kanisa, akataka jina langu kamili. Anatoa nia ya shukrani ya kusomwa kwenye misa, hataki padri aseme "Bibi Nesi" tu. Nikamwandikia.

Nikabaki na kalamu. Wakati ule wa kukimbia, tulipofika mto Malagarasi nilikuwa na homa, miguu imekataa. Mwanamume mmoja, si ndugu yetu, alitua mzigo wake ukingoni, akanibeba mgongoni, akanivusha. Ule mzigo ulibaki ng'ambo. Hatukujua jina lake.

Nami nikaandika karatasi yangu: Shukrani, kwa ajili ya mtu aliyeacha mzigo wake.

Padri alifika hapo, akasita, akasoma hivyo hivyo. Kanisa zima likaitikia.