Hatua Ishirini Chini ya Kilele

Inverness,
Jumatatu, 17 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti lako jipya linasemaje na baridi hii? Naomba liwe linakubeba vizuri, na wewe usilitese kwa kutaka kulionyesha kijiji kizima. Bi Mairi, jirani yako, ameniambia kwenye simu kwamba unapanda kilima cha nyuma ya kanisa kila asubuhi na mbwa, tena mbwa ndiye anayerudi akihema. Nilicheka peke yangu jikoni. Sisi huku wazima, yale mafua ya Krismasi yamekwisha.

Najua unachongojea, kwa hiyo sikuzungushi. Jumamosi tulipanda Beinn Ruadhan. Tulikuwa watu kumi na mmoja wa chama chetu cha wapanda milima, mimi kiongozi, na anga lilitakata kana kwamba nililiagiza mwenyewe. Wiki iliyopita ulishangaa kwa nini, katika vilele mia mbili themanini na viwili vya orodha yetu ya milima mirefu ya Scotland, nimeubakiza wa mwisho mlima ambao tulishaupanda pamoja miaka kumi na sita iliyopita. Nikakujibu kwamba siku zile nilikuwa sijaanza kuhesabu. Uliridhika na jibu hilo. Basi endelea kusoma.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshayaacha magari. Bondeni theluji ilitufika magotini, nikatangulia mwenyewe kukanyaga njia kwa saa nzima. Nyuma yangu alikuja Struan, yule fundi bomba mwenye sauti kubwa, akiwa amebeba keki ya kusherehekea kilele changu cha mwisho. Mkewe aliichemsha ndani ya kitambaa siku nzima, imejaa zabibu kavu, nzito kama tofali. Kila tulipopumzika aliuliza kama kuna ubaya ikipungua kidogo, maana anayebeba mzigo naye ni mtu. Bi Una, mweka kumbukumbu wetu, mwenye miaka sabini na mbili na miguu ya mbuzi, akamwambia keki ya kilele haiguswi kabla ya kilele, na kama ana njaa ale theluji, ipo ya kutosha.

Tulipofika mgongoni mwa mlima theluji ilikuwa imekuwa barafu tupu. Nikasimamisha kundi, nikaamuru kila mtu afunge meno ya chuma chini ya viatu, nikapita nikiwakagua mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. Struan akaniambia nisijisumbue, yeye alijua kujifunga tangu tumboni mwa mama yake. Nikamkuta amefunga ya kushoto mguu wa kulia! Walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe ndiye uliyenifundisha kukagua mikanda ya mtu badala ya kusikiliza mdomo wake.

Saa sita tukalifikia lile rundo kubwa la mawe. Struan akalipiga kofi, akapaza sauti kwa furaha, akaanza kufungua keki. Nikamwambia aifunge. Wote wakanitolea macho. Lakini jua lilikuwa likiwaka na kila mwenye macho aliona: ng'ambo ya bonde dogo, hatua mia tatu hivi, kulikuwa na rundo jingine, dogo, halifiki kiunoni, nalo lilikaa juu kuliko hili. Bi Una akatoa ramani, akathibitisha kwamba kilele chenyewe ni kile. Akasema kukiwa na ukungu wengi hudanganyika hapa, maana mtu akikuta mawe mengi hudhani amefika. Mimi nikachomoa shoka langu.

Ukingo wa kuvukia ulikuwa mwembamba na upepo ulitupiga ubavuni. Nikachonga vidato kwa shoka la barafu, nikawavusha wote, hakuna aliyeteleza. Nilijiona mkubwa, Baba, sitakuficha. Kisha, hatua ishirini chini ya yale mawe madogo, nikasimama.

Walidhani nimeugua. Nikawaambia watangulie, mimi nimefika. “Umefika wapi, mwenzetu?” Struan akapiga kelele. “Umerogwa? Hatua ishirini hizo, hata mtoto anatambaa!” Akajitolea kunibeba mgongoni, mimi na keki pamoja. Bi Una hakutania. Alinikumbusha sheria ninayoijua tangu utotoni: asiyeligusa jiwe la juu haandikwi, na hakuna wa kumgusia mwenzake. Nikamjibu kwamba sababu ni hiyohiyo. Nikawaeleza wote, na sasa nakueleza wewe, uliyestahili kusikia kabla yao.

Baba, siku uliyomaliza orodha yako tuligusa lile rundo kubwa. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona vidole vyetu. Uliweka mkono juu ya mawe, ukataja mia mbili themanini na viwili, ukalia. Sikuwahi kukuona ukilia. Ukageuka kufungua chupa ya wiski, na nyuma yako ukungu ukaachana, pumzi mbili tu, nikaliona lile dogo, juu yetu. Nilielewa papo hapo. Nikafungua mdomo niseme. Ndipo nikamkumbuka Mama kule chini garini, na blanketi lake na chupa ya chai, akingoja umwambie kwamba milima imekwisha na Jumamosi zako sasa ni zake. Zilikuwa zimebaki Jumamosi tisa za uhai wake, ingawa hakuna aliyejua. Kuuvuka ukingo ule bila kuona kungetuua, na kurudi siku nyingine kungemlia siku yake. Nikaufunga mdomo, nikanywa nawe.

Kwa ajili ya Mama sijuti. Najuta kwa miaka iliyofuata, ulipomsimulia kila mgeni habari ya siku ile chini ya cheti chako ukutani, na mimi nikiitikia kama shahidi. Niliogopa. Mimi ninayevusha watu kumi kwenye barafu, niliogopa uso wako. Nisamehe, Baba.

Kasirika. Nakujua, utanuna siku nne, utamfokea mbwa, kisha utatandika ramani mezani upime mwenyewe. Pima. Wewe una vilele mia mbili themanini na kimoja, na mimi mia mbili themanini na kimoja, wala sikukupita. Daktari wako nimeshamuuliza: kiangazi, bila theluji, goti litaweza. Chama kizima kitapanda nasi Jumamosi ya pili ya Juni. Keki tuliila palepale nilipokaa, na Struan ameapa mkewe atapika nyingine. Bi Una ameacha mistari miwili mitupu katika daftari lake, mmoja chini ya mwingine. Wa juu ni wako.

Nisalimie Bi Mairi, na umpapase mbwa kwa niaba yangu. Ukishamaliza kununa, piga simu, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako akupendaye,
Ishbel