Kabla ya Kununua Pampu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako yuko Pito anavuna mahindi. Mimi nimechoka, hata magazeti sigombani nayo tena.

Unasema injini ya gari lako inazunguka lakini haiwaki, na unataka kununua pampu ya petroli. Ngoja kwanza.

Enzi za Mwingereza, dada yangu alishikwa na uchungu kule Chala. Lori lililokuwepo ni la Mzee Salumu, mwenye duka, na asubuhi ile ya ukungu liligoma kama gari lako. Nilizungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka nikaishiwa nguvu, kisha nikamfokea mbele za watu: "Petroli unayouza ina maji, mnyonyaji wewe!" Wakamzomea.

"Hotuba haiwashi lori, bwana mdogo," alisema. "Zungusha, nitazame cheche."

Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma. Hapakuwa na cheche. Ndani ya kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawia plagi umeme, mlikuwa na umande. Akavua kofia yake nyeupe, akakikausha nayo, lori likawaka.

Dada alijifungua salama hospitalini Sumbawanga. Nimewatukana wengi maishani, na wengi walistahili. Salumu hakustahili, na amekufa sijamwomba radhi.

Babu yako